Spika Iliyotafunwa na Panya

Kila aliyeisikia kanda ile amenipa hongera, na kila hongera imenitia hasira. Wananishika mkono wanasema, mzee, kumbe ulikuwa mwanamuziki, sauti safi namna hii, tena enzi zile! Nikisikia neno safi natamani kutema mate. Mwaka jana alikuja kijana kutoka Dar, anakusanya muziki wa zamani, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akaniambia anatafuta roki ya Bukoba, ile ya kurusha akili, ameambiwa kwamba sisi tuliipiga. Nikamwambia ndiyo, tuliipiga. Akauliza iko wapi. Nikamwekea kanda. Akasikiliza kidogo, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Ni nzuri mzee, ila ni kama kwaya." Katika watu wote ni yeye peke yake aliyesema kweli, na nilimchukia kuliko wote.

Sitaji jina la mtu humu. Ninayemlaumu ni mnywani wangu, na kwetu mnywani si rafiki wa kuchekeana barabarani. Nilikuwa kijana wa Kimwani niliyekuja Bukoba kusoma, nikapewa chumba mtaa wa Hamugembe nyumbani kwao. Yeye alikuwa mtoto wa fundi cherehani, Mwislamu, babu yake alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa Mhaya, akasahau kurudi. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kubatizwa kabla sijajua kucheka. Likizo moja nilimpeleka kwetu, na babu yangu mzaa baba alipoona tunavyogawana kila kitu hadi shati, akasema tusifanyie mchezo jambo kubwa, bora tunywane. Akachuma tunda moja la kahawa, akalipasua, zikatoka buni mbili zilizokuwa zimelala kifua kwa kifua. Akatuchanja kidogo karibu na kitovu, kila buni akaipaka damu. Mimi nikameza yenye damu yake, yeye akameza yenye damu yangu. Kisha babu akatusomea masharti. Usimnyime mwenzio. Usimwaibishe mbele za watu. Usimseme vibaya. Atakayevunja, buni ile itamwotea tumboni na tumbo litavimba mpaka limuue.

Baba yake aliposikia hakusema naye siku tatu. Padre wetu naye aliniweka magotini muda mrefu kuliko kawaida. Sisi tulicheka, lakini moyoni tuliamini. Mimi niliamini kupita kiasi, na ndicho kilichoniponza.

Muziki wetu ulizaliwa na redio mbovu. Tulikuwa na redio moja ya betri nyumbani kwao, ya masafa mafupi, na Bukoba ipo pale ukingoni mwa ziwa ambapo stesheni za nchi zote hufika zikiwa zimechoka. Tukatafuta muziki wa vijana wa Ulaya ambao watu walikuwa wakiusimulia, na tukaupata. Gitaa lilikuja likivimba, likazama, likarudi limepinda. Nyuma yake kulikuwa na mluzi, na nyuma ya mluzi kitu kama mvua juu ya bati. Tulidhani ndivyo wanavyopiga. Naapa kwa kaburi la mama yangu, watu watatu wenye akili timamu, mmoja wetu amesoma hadi kidato cha nne, tulikaa miezi kujifunza makelele ya hewa kwa bidii ya watoto wa katekisimu.

Mnywani wangu ndiye aliyepiga gitaa. Alijifunza kupiga huku kidole cha mwisho kikizungusha kitufe cha sauti, ikapanda na kushuka kama inavyopanda na kushuka redioni. Wa tatu wetu, mpiga ngoma, alikuwa kibarua wa kiwanda cha kahawa. Yeye aliona ngoma peke yake haitoshi, akaja na ungo wa buni kavu, akawa anaupepeta mbele ya kipaza sauti. Ile ndiyo ilikuwa mvua yetu juu ya bati. Ungemwona anavyopepeta, macho amefumba, jasho linamtiririka, ungesema anaandaa kahawa ya wageni mia.

Amplifaya tuliipata kwenye gari la sinema lililokufa, tukaiendesha kwa betri ya gari. Spika yake ilikuwa nzima tulipoileta. Tukaihifadhi chumbani kwangu karibu na gunia la karanga, na panya akaitafuna karatasi yake upande mmoja. Nililia. Nikachukua kipande cha lubugo, kile kitambaa cha magome ambacho bibi alinifungia vitu vyangu nilipotoka Kimwani, nikakibandika kwa uji mzito wa muhogo. Tulipowasha, gitaa lilitoka likikwaruza, nene, lenye utamu ambao sijausikia tena popote. Lilitoka kama mtu anayeimba na donge kooni. Tukatazamana. Mnywani wangu akasema, "Usiguse tena hapo, waitu. Hata panya mwenyewe akirudi mkaribishe."

Alisema hivyo. Nataka ikumbukwe kwamba alisema hivyo.

Uani kwao, katikati ya migomba, kulikuwa na tangi la bati la maji ya mvua lililokuwa limeoza chini. Siku moja tuliiweka spika ndani kuikinga na manyunyu, tukapiga hivyo hivyo, na sauti ikatoka kwenye mdomo wa tangi ikizunguka. Kila noti ilitoka na wadogo zake watatu nyuma. Tangu siku hiyo spika ilikaa tangini, na watu walisimama kulizunguka tangi kama wanaota moto.

Mimi sikuwa na gitaa. Nilikuwa na nanga ya babu. Babu alikuwa mpiga nanga wa Mukama, mfalme wetu, enzi za utawala wa jadi, mmoja wa wale waliokaa ikulu kuimba habari ndefu za watu waliokufa. Uhuru ulipokuja na watawala wa jadi wakaondolewa, nanga yake ikawa kitu cha kuonewa haya. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia wazi kuwa hayo ni mambo ya ukabaila. Mzee akaitundika ukutani juu ya moshi, akalima migomba yake kimya. Nilipomwomba niichukue hakuuliza ya nini. Alinifundisha likizo mbili, kisha akaifunga kwenye blanketi akanipa.

Kwa asiyeijua, nanga ni kama mtumbwi mdogo wa mti unaoupakata, umetandwa kamba moja ndefu ya mishipa ya ng'ombe iliyopitishwa mara nane kutoka mwisho hadi mwisho. Nikang'oa kidude cha kuongelea kwenye simu mbovu niliyoiokota kwa muuza vyuma, nikakifunga chini ya nanga kwa kamba ya mgomba, nikaunganisha waya kwenye amplifaya. Siku ya kwanza mama wa mnywani wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mawe!" akaita kwa Kihaya, yaani mama wee. "Mmechinja nini?"

Basi tukaanza kupiga kila Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani na wengine wakitoka kula. Wimbo mmoja ulidumu muda wa kuiva maharage. Watu waliuita muziki wa kizunguzungu, na jina likashika. Mwanzoni walikuja kucheka. Wahaya tunajua kucheka mtu, na tunajua zaidi kuiga kile tulichokicheka. Baada ya msimu mmoja wa senene, vijana wa Maruku waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya utafiti wa kahawa nao walikuwa na kundi lao, wakapigia ndani ya pipa la dawa ya kunyunyizia. Kwetu Kimwani ndugu wawili walichana spika yao kwa wembe makusudi, wakaja kuniuliza kama wamechana upande sawa. Kulikuwa na kundi jingine Muleba lililotumia chungu kikubwa cha kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, mahali pa tangi. Hakuna hata mmoja aliyetoka Ulaya kutufundisha, wala aliyetoka Dar. Kilikuwa chetu, kimeota kwenye udongo wetu mwekundu, kwa makosa yetu wenyewe.

Hata Chama kilituacha tukapumua. Jumamosi tulikwenda kulima shamba la ujamaa kama wengine, na kiongozi wa vijana alitutaka tupige watu wakishamaliza, alimradi tuimbe jembe. Tukaimba jembe, lakini lilipoingia tangini na kutoka, hata yeye hakujua tena ni jembe au ni nini. Alicheza mpaka kofia ikaanguka.

Na sasa nafika kwenye Jumapili ninayoitaka, ile ambayo ningetoa mkono mmoja ili iwe kwenye kanda. Babu alikuja Bukoba kutibiwa kifua. Alifika uani kwao na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda karibu na tangi, nami nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeifungia nanga yake kidude cha simu na waya. Nikapiga. Akasikiliza hadi mwisho. Halafu akanyoosha mikono, akaichukua, akaipakata. Akapiga kamba moja, tangi likaguna, akacheka. Sikuwahi kumwona babu akicheka na meno yake yote matatu.

"Ikulu nanga ilikuwa inakoroma hivi," akasema. "Tulikuwa tunapachika vipande vya gome kavu la mgomba chini ya kamba ili ikorome. Waliokuja baadaye wakavitoa, wakasema ni uchafu. Nani amewaambia nyinyi mkoromeshe?"

Nikamwambia, "Tata, ni panya."

Akaimba. Aliimba wimbo mrefu wa mwindaji aliyemfuata mnyama hadi chini ya ziwa na kukuta huko mji wenye migomba, na watu wake wote wanaongea kinyumenyume. Mnywani wangu alimfuata kwa gitaa akivimba na kuzama, mpiga ngoma akapepeta ungo wake taratibu, na sauti ya mzee, nyembamba, yenye kikohozi, ikaingia tangini na kutoka ikiwa watu kumi. Watu hawakucheza. Walisimama tu. Mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi kichwani alisimama nazo wimbo mzima bila kuzitua. Mimi niliweka mikono kichwani nikalia, na sioni aibu kusema.

Babu ndiye pekee niliyemjua aliyebaki na wimbo ule. Na kifua chake, daktari alisema, hakina muda.

Kisha, miezi kadhaa baadaye, akaja mwanafunzi kutoka Kampala, binamu wa mnywani wangu, na sahani ya santuri chini ya kwapa na mashine ya kuichezea. Ulikuwa ule ule wimbo wa redioni, wa kwanza kabisa tuliouiga. Tukauweka. Gitaa halikuvimba. Halikuzama. Hakukuwa na mluzi wala mvua. Lilikwenda moja kwa moja mwanzo hadi mwisho, limepigwa pasi. Mpiga ngoma akauliza, "Mvua iko wapi?" Binamu akacheka hadi akashika ukuta. Mimi nami nikacheka, kwa sababu niliona wetu ni bora. Mnywani wangu hakucheka. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyegundua kwamba alitembea mjini siku nzima na suruali imepasuka nyuma.

Kuanzia siku hiyo alianza kutusikiliza kwa masikio ya watu wengine. Nilimwona. Akipiga, anatazama spika kwa jicho la pembeni. Ilinipasa kusema kitu siku hizo. Sikusema.

Ndipo Afisa Utamaduni akatangaza kwamba gari la redio linakuja kutoka Dar kurekodi vikundi vya mkoa. Kila kikundi wimbo mmoja, ukumbini mjini. Nilimwambia mnywani wangu jambo moja tu: tunampeleka babu, wimbo ni wa mwindaji, hivi hivi ulivyokuwa uani. Tutabeba spika, tutabeba hata tangi kwa mkokoteni. Akanijibu, "Niachie mimi maandalizi, mnywani. Wewe kamlete mzee." Nikapanda basi kwenda Kimwani nikiwa na furaha ambayo ikinijia akilini leo nataka kujipiga kofi.

Babu hakuwa na nguvu, lakini alikuwa tayari amenyoa ndevu. Tulifika Hamugembe siku ya tatu, asubuhi ya kurekodi yenyewe, tukapitiliza moja kwa moja hadi ukumbini.

Lazima mwelewe desturi yetu ya mgeni, la sivyo mtadhani mnywani wangu alikuwa mjinga au mwovu, na hakuwa. Mgeni akitangazwa, Mhaya hufagia hadi nyuma ya nyumba. Majani ya zamani sakafuni hutolewa na mapya hutandikwa, na kitu chochote kilichochanika hufichwa. Bora ulale njaa kuliko mgeni aone kiraka. Mnywani wangu aliutandikia muziki wetu majani mapya. Alibadilisha baiskeli yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, akapata spika mpya kabisa kwa mwenye duka la redio. Alitoa kile kidude cha simu. Alikata kamba ya mishipa ya nanga, akaweka nyaya nane za gitaa, kila moja peke yake, akazilinganisha na kinanda cha shule, do re mi, mpaka mwisho. Tangi aliliacha uani. Ungo wa buni aliuficha, na mpiga ngoma akakaa pembeni amenuna na ngoma mbili zilizopakwa rangi za taifa.

"Tazama," aliniambia, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Alinifuta vumbi la safari begani. "Leo hakuna wa kutucheka."

Gari la redio lilikuwa halijafika. Watu walikuwa wamejaa, vikundi vyote, Afisa Utamaduni na suti yake. Babu akakaa kwenye benchi, akaipakata nanga, akagusa uzi mmoja. Ting. Akagusa wa pili. Ting. Akauinamia ule mti ambao aliujua kuliko alivyomjua mkewe, akautazama kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani akaambiwa ni wake. Kisha akaninyanyulia macho. Alinitazama mimi na kungoja.

Na mnywani wangu naye ananitazama, anangoja, mbele za watu wote wale, baiskeli yake imekwenda. Usimnyime. Usimwaibishe. Nikasikia ile buni ikijigeuza tumboni, naapa niliisikia. Nikasema, "Asante sana, mnywani wangu. Umefanya kazi kubwa."

Babu akashusha macho.

Tulikaa pale saa mbili tukilingoja gari. Lilikuwa limekwama kwenye tope njiani. Saa mbili nzima nilikaa benchi moja na watu hao wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na sikufungua mdomo.

Fundi wa redio alikuwa mtu mpole, hana kosa. Alituweka kwenye mstari, akawasha mashine. Babu akajaribu kuimba. Wimbo wake haukuwa na mahali pa kukaa kwenye do re mi. Sauti ilipanda ikakuta ukuta, ikashuka ikakuta ukuta. Akajaribu mara tatu. Fundi akasema kwa heshima, "Mzee apumzike kidogo." Mnywani wangu akaichukua nanga, akaichezesha kama gitaa, nikaimba mimi beti mbili za jembe, mpiga ngoma akagonga kama anabisha hodi. Tukamaliza. Fundi akainua kidole gumba. "Safi," akasema. Afisa Utamaduni akapiga makofi. "Safi sana! Huu ndio utamaduni."

Njiani kurudi Kimwani, ndani ya basi, babu alizungumza mara moja tu. Alisema, "Nilikungoja." Nikamwambia, "Tata, ni mnywani wangu. Wewe mwenyewe ulitunywesha." Akageukia dirisha. Alikufa masika hayo hayo, na mwindaji wake akabaki chini ya ziwa.

Wimbo ulipigwa redioni, ukarudiwa. Hapo ndipo kizunguzungu kilipokufa, wala hakuna aliyekipiga marufuku. Maruku walisikia, wakasema kumbe ndivyo inavyotakiwa, wakalitupa pipa. Wale ndugu wa Kimwani walitafuta spika nzima. Katika mwaka mmoja kila kundi lilikuwa safi, na vikundi safi vilikuwa vimejaa nchi nzima, na vya huko vilikuwa bora kuliko vyetu. Watu wakarudi kucheza dansi ya Dar. Hasira ikaniingia hapo na haikutoka. Nimefundisha shule miaka yangu yote na hasira hiyo. Watoto walioimba kwaya wakiwa wamenyooka sana niliwafokea bila kujua wao wamenikosea nini.

Mnywani wangu akawa fundi redio. Ndiye aliyeunasa wimbo uliporudiwa hewani, akanipa nakala kwa mikono miwili. Kila harusi, kila msiba, alisimulia jinsi alivyotoa baiskeli kwa ajili ya muziki wetu, nami nilitikisa kichwa. Nilikula kwake, naye alikula kwangu. Kanda yenyewe nimeitunza kwa sababu moja. Mwishoni, kabla mashine haijazimwa, kuna kikohozi. Ni cha babu. Ndicho kitu pekee kichafu kwenye kanda nzima.

Wiki tatu zilizopita mnywani wangu alinialika Hamugembe. Mjukuu wake alikuwa ameuhamishia wimbo kwenye simu. Tukakaa sebuleni, watoto, wakwe, majirani. Wakaupiga. Ulipofika mwisho nikangoja kikohozi, na hakikuwepo. Yule mtoto alikuwa amekikata.

"Nimeusafisha, babu," akasema kwa furaha.

Sijui nilisimama lini. Nilisikia tu sauti yangu. Nilimwambia mnywani wangu, mbele ya wakwe zake, kwamba aliharibu. Kwamba aliua muziki wetu, na wimbo wa babu yangu, kwa spika yake mpya na do re mi yake, na kwamba nimemchukia tangu siku ile katika kila sahani ya ndizi aliyonipakulia. Masharti yote niliyavunja kwa pumzi moja. Watoto walitolewa nje.

Mnywani wangu ni mzee sasa. Nilidhani atanilaani. Badala yake akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Buni," nikamwambia. "Mbele za watu. Ningesemaje?"

"Ungeniita nje ukaninong'oneza. Spika ile sikuitupa, mnywani. Ningewezaje kuitupa? Niliiviringisha kwenye blanketi, pamoja na kamba ya babu yako na kidude cha simu, nikaweka uvunguni mwa kitanda changu. Kamba niliikata mwisho mmoja tu, ili iweze kurudi. Nilisema moyoni, mnywani wangu asipopenda, nakimbia kuvileta. Wewe ukasema asante."

Nikamuuliza vilikaa hapo hadi lini. Akasema vilikaa pale uvunguni hadi babu alipokufa, ndipo akavitoa.

Tumbo langu halijavimba. Nalishika kila asubuhi, lipo vile vile. Juzi nimetoka ukumbini pale mjini nikatembea hadi kwenye nyumba yao ya zamani, kwa miguu hii ya kizee, nimebeba fimbo, nikisimama kupumzika, na nikarudi. Kwenda na kurudi ilinichukua muda usiofika saa moja na nusu. Siku ile nilikuwa kijana, na gari lilichelewa saa mbili.